Raba za Yona na Ubalozi Wangu

Jumatatu, 5 Mei 2025

Tangazo limebandikwa ubaoni leo, kati ya ratiba ya mitihani na picha ya paka aliyepotea. Chuo kinatafuta Balozi wa Afya ya Akili. Kazi yake ni kuwahamasisha wanafunzi waseme yanayowasumbua, na kuongoza kikundi cha kusikilizana wao kwa wao. Nilikuwa nimeshageuka kuondoka ndipo nikaona mstari wa mwisho. Semina ya siku tatu Pangani, hoteli ya ufukweni. Ofisi ndogo yenye kiyoyozi. Picha kubwa ya balozi kwenye bango la getini.

Nimesoma mara tatu. Picha, getini. Mama ataiona akija kutoka Wete, Pemba.

Niandike ukweli, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Mimi Maulid Hilal, mwaka wa pili, Stashahada ya Ununuzi na Ugavi, sijawahi kushinda uchaguzi wowote. Nilipogombea uwakilishi wa darasa nilipata kura tatu. Moja yangu. Moja ya Yona, tunayekaa naye chumba kimoja hapa Usagara. Ya tatu nadhani mtu alikosea.

Aliyeshinda ni Khairat, binti wa Chumbageni, mwenye daftari la rangi yake kwa kila somo. Nilipogeuka kutoka ubaoni nilimkuta nyuma yangu. Nikamwambia hakuna jipya, ni habari za paka.

Masharti ni haya. Kila mgombea aendeshe vikao vya kusikilizana kwa wiki mbili, aandike majina na simu za waliohudhuria, atengeneze bango la kuelimisha. Vyote viwe mezani kwa mshauri wa wanafunzi Jumatatu tarehe 19. Kazi nyepesi. Kusikiliza ni kukaa tu, nami nimekaa maisha yangu yote.

Jumanne, 6 Mei

Nimejiandikisha kwa Madam Ritha, mshauri wa wanafunzi. Mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi. Anakutazama mpaka unakumbuka makosa ya darasa la nne. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akauliza kwa nini naitaka kazi hii. Nikajibu kwamba nasikia maumivu. Akauliza maumivu ya nani. Saa hiyohiyo jino langu la nyuma likachoma, nikashika shavu. Akaandika kitu. Nadhani nimemgusa.

Khairat naye alikuwepo. Paka hakusaidia. Wagombea ni sisi wawili.

Madam akatupa somo la nusu saa. Nililonasa: keti na mtu, muulize waziwazi, nyamaza umsikie. Siri zake usizitangaze. Usimwahidi miujiza. Jambo likiwa zito, mlete kwake saa yoyote. Katikati huenda kulikuwa na mengine, lakini nilikuwa nafikiria kama kwenye picha nivae kanzu au suti.

Jioni nikamweleza Yona mpango wangu. Yona ni mtu wa Maramba. Babu yake alikuja pwani kufanya kazi za mashamba, ukoo ukabaki. Mlutheri, mwimba sauti ya chini kwaya, na mbishi wa bei. Nyanya moja anaweza kuibishania mpaka muuzaji aombe radhi. Nikamwambia nataka awe mwenye matatizo wangu wa kwanza. Aje mbele ya watu, aeleze huzuni ya kutunga, nimsikilize, apone, watu waone kipaji changu.

Alikuwa amelala akitazama ukuta, ndivyo alivyo siku hizi. Nikajiandaa kwa mabishano marefu. Akasema sawa. Hakuuliza hata atapata nini.

Bahati imeanza kuniangukia.

Jumatano, 7 Mei

Mazoezi na Yona baada ya chakula cha mchana. Chakula nilikula mimi, wali na mbaazi za nazi, sahani zote mbili, maana alisema hana hamu. Nikamfundisha la kusema: kwamba halali, kwamba chakula hakina ladha. Akasema kweli halali. Nikamwambia vizuri sana, hivyohivyo, ila ashushe sauti kidogo mwishoni.

Kisha akaongeza, "Sioni mbele, Maulid."

Nikamwambia hapo aweke mkono kichwani. Akauweka. Nimeishi na huyu mtu mwaka mzima na nusu bila kujua kuwa ni mwigizaji. Mtu anaweza kukaa juu ya hazina na asijue.

Alhamisi, 8 Mei

Kikao changu cha kwanza, saa kumi jioni, darasa namba sita. Nilipanga viti ishirini kwa duara. Yona hakuja, alisema amechoka. Alikuja mzee Zabron, mlinzi wa geti. Akaketi, akavua kofia, akasema binti yake wa mwisho ameolewa mbali, tangu Pasaka hajapiga simu.

Nikaona nafasi ya kusaidia. Nikamweleza kuhusu mitandao ya simu inavyosumbua wakati wa masika. Kisha nikamweleza kuhusu jino langu. Kisha umuhimu wa mboga za majani. Kwa jumla dakika arobaini. Mzee Zabron aliinuka, akanishukuru, akauliza kama nimemaliza na viti, kwa sababu ndivyo alivyokuwa ametumwa kuchukua.

Nimemwandika kama mhudhuriaji.

Nilipopita maktaba nikamwona Khairat barazani na watu tisa. Niliwahesabu nikiwa nyuma ya mwarobaini. Ajabu ni kwamba hakuwa anasema chochote. Msichana mmoja wa mwaka wa kwanza alikuwa analia, na Khairat amekaa tu, kama anayesubiri maji yachemke. Nikawaonea huruma. Wamekosa kiongozi.

Ijumaa, 9 Mei

Baada ya swala ya Ijumaa nikakaa na daftari la mahudhurio. Jina moja, la mlinzi. Mwenzangu ana tisa. Nikatafakari. Sharti linasema majina na simu za waliosikilizwa, halisemi wamesikilizwa lini wala na nani. Nikaanza na dada yangu Tuhfa, mjomba Massoud, na shangazi wa Chake. Nikamaliza na Bibi Kazija wa Wete, umri miaka themanini na kitu. Nimemwandika mwaka wa kwanza, Ualimu. Jumla kumi na wanne.

Dhamiri iliniuma kidogo. Au lilikuwa jino, viko upande mmoja.

Mvua kubwa. Nilikuwa nataka kutoka, sina koti. Yona akalivua lake msumarini akanipa. Nikamwambia nitalirudisha jioni. Akasema nisirudishe, ni langu. Koti zuri, la kijani, lina kofia. Nikasema asante kabla hajabadili mawazo.

Jumapili, 11 Mei

Yona hajaenda kanisani. Kwaya imemtuma mtu mlangoni kumuulizia. Nikasema ana mafua.

Mchana akanipa raba zake nyeupe. Hizi ni raba alizokuwa anazisugua kwa mswaki kila Jumamosi, hataki hata zikanyagwe na kivuli. Miguu yetu ni saizi moja. Akasema amezichoka. Mimi nadhani ushauri wangu umeanza kumfungua moyo, maana mtu mwenye furaha huwa mkarimu. Nimezivaa humu chumbani tangu saa nane. Zinapendeza.

Jioni Khairat akanisimamisha karibu na kituo cha bajaji. Akauliza habari za Yona. Ati hajamwona darasani wiki ya tatu sasa, na alipompigia simu hakupokea. Nikamwona mpaka kwenye utumbo. Anataka kuniibia mgonjwa. Nikamjibu kwamba Yona yuko chini ya uangalizi wangu na anaendelea vizuri. Akatazama miguu yangu, akauliza hizo si raba za Yona. Nikasema ni zawadi.

Alitaka kusema jambo. Nikamuaga.

Jumanne, 13 Mei

Siku ya maonyesho. Yona alikuja, nilimvuta kwa mkono. Walikuwepo watu sita wa kweli, nikiwemo mimi. Khairat alisimama nyuma mlangoni, kupeleleza.

Yona akaanza kama tulivyofanya mazoezi. Halali, hali. Kisha akatoka nje ya mstari. Akasema amefeli masomo manne, na matatu kati ya hayo yalikuwa ya kurudia. Baba yake kule Maramba anawaambia watu kanisani kwamba mwanawe anamaliza mwaka huu. Yeye kila Jumapili humpigia baba simu na kudanganya, na akikata simu hukaa kitandani mpaka giza linaingia. Akasema ameanza kujiona kama mzigo ambao kila mtu angepumua ukitolewa.

 Mtu wa mbele ameinamisha kichwa. Hayo ya kufeli sikuwa na habari nayo, nikadhani ameongeza chumvi, na akiendelea hivyo watu watasahau kuwa mwenye kikao ni mimi. Nikasimama. Nikamkatiza. Nikatoa nasaha kwamba baada ya dhiki ni faraja, kwamba mbuyu ulianza kama mchicha, kwamba ajikaze kiume. Wawili wakapiga makofi.

Yona akanitazama kidogo. Kisha akasema, "Sawa, Maulid," akaketi.

Khairat hakupiga makofi. Wivu.

Tulipofika nyumbani akanipa ufunguo wa baiskeli yake. Nikacheka nikadhani anatania. Baiskeli ile aliitengeneza mwenyewe, kipande kwa kipande, kutoka mabaki ya tatu. Akasema niitunze, isilowe. Sikulala vizuri kwa furaha, na kwa jino.

Jumatano, 14 Mei

Naandika haya mchana, nikiwa hospitali, kwenye benchi. Si mimi ninayeumwa. Nianze mwanzo.

Asubuhi jino lilinishinda. Nikaenda kwa daktari wa meno, akaling'oa. Sikulia, muuguzi akisema vingine asisadikiwe. Akanishindilia pamba mdomoni, akaniamuru niing'ate nisizungumze mpaka kesho. Shavu limevimba kama nimeficha embe.

Nikaona siku ya kutozungumza inafaa kwa bango. Sikuwa na bango. Khairat alikuwa nalo, amelitundika maktaba tangu jana, kazi safi, lina kichwa cha habari "Ishara kwamba mwenzako amezidiwa." Nikakaa chini yake na karatasi yangu na kalamu ya kijani, nikaanza kunakili. Ili isiwe wizi, "ishara" nikaibadilisha kuwa "dalili".

La kwanza, halali, au analala kutwa. Nikaandika. La pili, ameacha kula. Nikaandika. La tatu, anajitenga na aliokuwa anapenda kuwa nao. La nne, anasema haoni mbele, au kwamba yeye ni mzigo. Nikaandika yote, kwa mwandiko mzuri. La tano, anagawa vitu vyake vya thamani.

Nikaandika "anagawa vitu". Kalamu ikasimama.

Nikatazama chini. Nimevaa raba nyeupe. Koti la kijani limening'inia kwenye kiti. Ufunguo wa baiskeli ulikuwa unanichoma pajani tangu nikae. Nikarudi namba moja nikasoma tena, na safari hii sikuwa nanakili.

Nilipoinua kalamu, wino wa kijani ulikuwa umetengeneza ziwa.

Khairat alikuwa mezani karibu na dirisha. Nikamwendea. Nikafungua mdomo, ikatoka pamba nusu na sauti ya ng'ombe. Nikamwonyesha bango kwa kidole, namba tano. Nikamwonyesha raba. Nikamwonyesha koti, nikatoa na ufunguo. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuniuliza swali.

"Nenda ukae naye," akasema. "Usimwache peke yake. Mimi namfuata Madam."

Sijawahi kuendesha baiskeli vile. Mvua, matope, mwenye mkokoteni wa madafu amenitukana mara mbili, sikuweza kumjibu. Nilikuwa nakumbuka ile "Sawa, Maulid". Nimeirudia kichwani toka chuoni mpaka mlangoni.

Yona alikuwa amekaa kitandani. Ametandika kitanda. Vitabu vyake amevipanga na kuvifunga kwa kamba, juu ameweka karatasi yenye jina la kila mtu atakayepewa. Akanitazama, akauliza mbona nimevimba.

Nikakaa chini, sakafuni, mbele yake. Nilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa na methali mbili na kisa cha mjomba Massoud alivyopotea baharini siku nne. Pamba haikuruhusu hata moja. Likanijia lile la Madam, muulize waziwazi. Nikatoa daftari hili, nikafungua ukurasa wa mwisho, nikaandika: Yona, unafikiria kujiua?

Nikampa. Akasoma. Nadhani alisoma mara kadhaa, maana swali ni fupi na yeye alikaa nalo muda mrefu. Mvua inapiga bati.

"Ndiyo," akasema.

Nikamshika kifundo cha mguu, ndicho kilichokuwa karibu. Akaanza kuzungumza. Mwanzo kidogokidogo, kisha kama mtu anayetua mzigo wa kuni, ukuni mmoja baada ya mwingine. Mara tatu nilitaka kumkatiza. Mara tatu pamba. Aliyoyasema sitayaandika humu, ni yake.

Mwishoni alisema, "Leo ndiyo mara ya kwanza umenisikia."

Madam Ritha akaja na Khairat kwa bajaji. Hakuingia na kelele. Aliketi sakafuni pembeni yangu na sketi yake safi, akamsalimia Yona kwa jina, akamwambia kuna watu kazi yao ni kubeba jambo hili pamoja naye, na kwamba wote tunakwenda sasa hivi. Yona akauliza kama Maulid naye anakwenda. Bajaji ilijaa. Nikafuata nyuma kwa baiskeli.

Kwenye mapokezi ya hospitali muuguzi alitutazama sote, akanishika mimi mkono, akaniambia pole, mgonjwa apite huku. Yona akacheka. Kidogo sana, puani. Lakini nimesikia.

Alhamisi, 15 Mei

Yona amelazwa kwa siku chache. Daktari amesema ni sonona, ina dawa, ina mazungumzo, na si uvivu wala laana. Yona alimwomba arudie hilo la mwisho.

Baba yake amekuja kutoka Maramba na basi la alfajiri. Mzee Abrahamu, mrefu, kofia mkononi, mkungu wa ndizi ubavuni. Nikamwamkia. Hakukaa mpaka Yona alipomwambia akae. Kisha Yona akamwambia yote. Masomo manne, simu za Jumapili, na lile jingine. Nilitaka kutoka, Yona akaniambia nibaki.

Mzee aliizungusha kofia mikononi. Ndipo akasema, "Mtihani hurudiwa, mwanangu. Wewe ningekurudia wapi?"

Nikatoka nje kuangalia kama baiskeli iko salama. Niliikagua kwa muda mrefu, tairi zote mbili.

Jumamosi, 17 Mei

Habari zimeenea chuoni, sijui nani kazieneza. Mambo ya Yona hawayajui, wanajua tu kwamba Maulid wa Ununuzi anasikiliza vizuri sana. Jana, shavu likiwa bado limevimba na kusema kunauma, walinijia wanane. Mmoja kaachwa na mchumba. Mmoja mama yake mgonjwa. Mmoja alikuja akakaa tu, akatazama miti, akaondoka akisema asante. Sikusema neno. Nilitikisa kichwa na kushika shavu. Wote walidhani nimeshika shavu kwa ajili yao.

Leo nimepona, nikaweza kuzungumza. Walikuja watatu asubuhi. Nikawapa nasaha. Mchana hakuja mtu.

Nadhani ni mvua.

Hata hivyo nina majina mapya ya kweli kumi na moja, ukijumlisha na ya Pemba si haba. Na sasa nina sifa. Yona mwenyewe ataniombea kura, bila shaka. Nimeanza kuwaza tena kuhusu kanzu.

Jumatatu, 19 Mei

Matokeo. Nitaandika kwa ufupi kwa sababu ya uchungu.

Sikujua kwamba Madam Ritha angepiga simu. Yaani nilijua imeandikwa kwenye masharti, lakini vitu vingi huandikwa. Alipiga namba ya kumi na nne kwenye daftari langu, Kazija, mwaka wa kwanza Ualimu, kuuliza kama kikao kilimsaidia. Bibi akapokea Wete. Akasema, "Mie huzuni sina, mwanangu, n'na goti." Madam angekata hapo, mambo yangeisha. Hakukata. Akasema anamsikiliza.

Walizungumza saa nzima. Bibi alianza na goti, akafika kwa kaka yake aliyezama, ambaye kwetu hatajwi, sijawahi kusikia hata jina lake. Alilia, kisha akacheka, kisha akamwombea Madam dua ndefu. Baadaye akanipigia mimi. Akaniambia kwanza kwamba ningekuwa karibu angenipiga kwa mwiko, na pili kwamba yule mama apige tena, yeye Alhamisi huwa hana kazi.

Khairat ndiye balozi. Watu thelathini na mmoja, wote hai, wote wanafunzi. Bango lake limesifiwa. Langu liliulizwa kwa nini lina ziwa.

Madam akanibakiza ofisini. Nilitazama kiyoyozi. Akasema kwa majina ya uongo ameniondoa, na barua ya onyo ipo kwenye faili. Akasema pia kwamba nilichofanya Jumatano hakina safu kwenye daftari lolote, ila yeye hatakisahau. Adhabu yangu ni kupanga viti vya kikundi kila Jumanne hadi mwisho wa muhula. Na nikishapanga, nikae kwenye kimoja.

Nikamuuliza kama mpanga viti huwa anapigwa picha.

Alhamisi, 22 Mei

Yona ametoka hospitali juzi. Kliniki ni kila Alhamisi, na mtu wa kumsindikiza anatakiwa. Nimempeleka leo kwa baiskeli, yeye nyuma, akinilaumu njia nzima kwa jinsi ninavyokata kona. Amechukua raba zake na koti. Nilikuwa na matumaini kwamba atasahau. Njiani kurudi alishuka sokoni, akabishania fungu la mchicha mpaka mwenye mchicha akatuhurumia. Nilisimama pembeni. Sikuwahi kudhani ningefurahi kuaibika vile.

Habari kubwa ni hii. Madam Ritha ameniomba niseme machache Jumamosi mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, dakika tano tu, juu ya jinsi ya kumsikiliza mwenzako. Mimi, si Khairat. Nimekaa tangu saa nane kuandika hotuba. Imefika dakika arobaini na tano na bado sijaingia kwenye mada. Nina methali tisa. Kisa cha mjomba Massoud nimekiweka mwanzoni, na sehemu ndogo kuhusu mboga za majani.

Saa kumi na moja Khairat alikuja barazani kwetu kumletea Yona notisi za darasani. Nikamsomea kurasa tatu za kwanza. Akakaa kwenye ngazi, akaniomba niweke karatasi chini, akanieleza jambo refu kwa utaratibu sana, akinitazama usoni. Lilikuwa kuhusu kusikiliza, kuhusu kile kilichotokea siku ile, na kwa nini watu wale wanane walikuja na kwa nini waliacha kuja. Yona alikuwa anaitikia kila sentensi kwa kichwa.

Sikulipata lote. Nilikuwa natunga jibu. Lakini nilimjibu vizuri sana, kwa robo saa, na nadhani mwisho alikubaliana nami, maana hakuwa na la kuongeza.